Mtutu Haulishwi Samaki

Kijana akiniambia yeye ni fundi wa silaha, siombi cheti. Naomba kucha. Zikiwa nyeusi, huyo amesafisha moshi wa baruti akaishia hapo. Zikiwa na ubuluu pembeni, huyo amefika kwenye shaba, tunaweza kuongea. Zikiwa safi kabisa, huyo ni bosi. Mpeni kiti.

Mimi nimekaa kwenye ghala la silaha miaka ishirini na tisa, ukihesabu mara ya kwanza. Ukihesabu mara ya pili ni ishirini na minane na miezi kumi, kwa sababu kuna miezi miwili nililala nyumbani na mgongo. Idara yenyewe sitaitaja. Inatosha mjue tulikuwa walinzi wa wanyamapori, kituo chetu kilikuwa Homa Bay upande wa kuelekea Migori, na katika miaka yote hiyo hakuna mnyama hata mmoja aliyewahi kusema asante.

Nyinyi mnaoingia kazini sasa mmekuja mmeshajua kila kitu, simu imewafundisha. Sipingi. Nimeona kijana akisafisha bunduki huku simu imeegemezwa kwenye kopo la chai, mzungu ndani ya simu anasugua, na yeye anasugua. Shida ni kwamba mzungu alisimama kujibu mlango, na kijana wetu naye akasimama. Kwa hiyo nitawaambia habari za mtutu mpya jinsi nilivyozijua kwa mikono, na nitawaambia pia siku niliyoziharibu, maana hiyo simu haitawaonyesha.

Nianze na Akinyi, kwa sababu mtutu bila mtu wa kuulenga ni bomba tu.

Koplo Akinyi alikuwa nyar Sori, binti wa kule ziwani, na alipiga shabaha kuliko wanaume wote wa kituo, jambo ambalo wanaume wa kituo walilieleza kwa kusema siku hiyo kulikuwa na upepo. Viboko wa upande wa Nyatike walikuwa wameanza kuzoea mihogo ya watu na njia za watu. Makao makuu wakaamua kila kituo kipate bunduki moja mpya ya darubini na mlengaji mmoja wa kuitumia pale ambapo kufukuza kumeshindikana. Msicheke kazi hiyo. Kiboko aliyepigwa mahali pasipofaa haendi hospitali. Anakwenda kwa watu.

Mtihani ulikuwa hivi: mita mia moja, risasi tatu, zote ndani ya duara la ukubwa wa mdomo wa kikombe cha chai. Ukipita, unabaki kituoni na bunduki yako. Ukianguka, jina lako linaingia kwenye orodha ya wanaohamishwa kaskazini, kule ambako hata barua ikifika huwa imesahau ilichotumwa.

Mama yake Akinyi alikuwa akisafishwa damu kwa mashine pale Homa Bay, Jumatatu na Alhamisi. Mtoto alikuwa ni Akinyi peke yake. Siku orodha ilipobandikwa alikuja ghalani, akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Jaduong'," aliniambia. Hilo ndilo jina la heshima kwa mzee huku kwetu. "Mimi nikipelekwa kaskazini, nani atamshika mama mkono akitoka kwenye ile mashine? Huwa anatoka akiwa mwepesi kama karatasi."

"Hutapelekwa," nilisema.

"Unajuaje?"

"Kwa sababu wewe unajua kulenga na mimi najua kusafisha."

Nusu ya sentensi hiyo ilikuwa kweli tupu. Nusu nyingine mtaiona mbele.

Bunduki ikaja ndani ya sanduku, na chupa mbili ndogo: moja ya mafuta, moja ya dawa ya kuyeyusha shaba. Chupa zenyewe zilikuwa za ukubwa wa kidole gumba. Nilizichora mistari ya kalamu ubavuni ili nijue kila tone limekwenda wapi. Kisha nikaenda kwa mkuu wetu, Inspekta Barasa, kumwomba risasi za kulea mtutu.

"Kulea?" Inspekta alishusha miwani. "Hiyo bunduki imetoka kiwandani juzi. Inasafishwa ya nini?"

"Afande, hata mtoto mchanga hutoka mpya, na bado anaogeshwa."

Na hapa vijana sikilizeni vizuri. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka, ndiyo inayoipa risasi msokoto ili iende moja kwa moja. Chuma kilichochonga mifereji hiyo huacha mikwaruzo midogo sana, haionekani kwa macho. Risasi ina ngozi ya shaba. Ikipita kwenye mikwaruzo, inaacha shaba kidogo, kama vile ukivuta sweta kwenye mwiba. Ukipiga ishirini mfululizo bila kusafisha, shaba inapanda juu ya shaba, mikwaruzo inafunikwa ikiwa bado hai, na mtutu unakua na tabia mbaya. Lakini ukipiga moja ukasafisha, ukapiga moja ukasafisha, kila risasi inailamba ile mikwaruzo kidogo kidogo mpaka ndani pakawa laini. Wako mafundi wanaosema haya ni imani tu, kwamba mtutu mzuri hauhitaji kulelewa. Sigombani nao. Hata wao nimewaona wakisafisha.

Nilihitaji risasi ishirini. Kwa hiyo niliomba sitini.

"Sitini!" Inspekta alisema. "Unaenda vita na nani? Chukua tano."

"Tano, Afande, haitoshi hata kuijulisha bunduki jina lake. Hamsini."

"Kumi."

"Kumi ni za kuanzia. Arobaini, na Akinyi akipita utasema ni wewe ulimlea."

Hilo alilifikiria. Nikaliacha lifikiriwe. Mnunuzi akianza kufikiria usimsaidie.

"Ishirini," alisema. "Na usirudi hapa."

"Ishirini na nyongeza."

"Nyongeza gani?"

"Afande, sokoni Kisegi hata kopo la gorogoro la omena halihesabiwi limejaa mpaka mama aongeze kiganja juu."

Akanipa fungu, akasema ni ishirini na moja. Nilihesabu mbele yake. Nikahesabu tena. Zilikuwa ishirini. Alidhani sitahesabu mara ya pili. Akaitoa ile moja mfukoni bila aibu yoyote, nami nikaipokea bila aibu yoyote, tukaagana kwa heshima.

Aliyenifundisha kazi hii ni Sajenti Chacha, Mkuria wa upande wa Kehancha, mtu mfupi, mwenye sauti ya mtu mrefu. Siku ya kwanza alinikuta nimechomeka ufito wa kusafishia kwenye mdomo wa mtutu, nasukuma kwa nguvu kama mtu anayezibua karo. Hakunipiga. Aliuliza tu:

"Mura," yaani kijana kwa Kikuria, "kwenu mgeni huingia nyumbani kwa dirisha?"

"Hapana, Sajenti."

"Basi hapo ulipo ni dirishani. Mlango uko nyuma."

Maana yake ni hii. Mdomo wa mtutu ndio kitu cha mwisho kuigusa risasi. Ukiupiga kovu kwa ufito, hata kovu la unywele, baruti itatokea upande mmoja kabla ya mwingine na kuipiga risasi kikumbo ikiwa mlangoni inatoka. Kwa hiyo toa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ingia kwa nyuma, weka kile kibomba cha kuongozea ufito ili usikwangue kuta. Kitambaa cha kufutia kikitokea mbele, kitoe hapo hapo. Usikivute kurudi nacho na uchafu wake. Brashi usiigeuze katikati ya safari. Iende mpaka itoke, ndipo irudi. Na ufito wenyewe uufute kila mara. Na vitambaa vihesabu: vilivyoingia na vilivyotoka. Kitambaa kilichosahaulika ndani ya mtutu kinaweza kumuua mlengaji, na hapo hakuna wa kubembeleza.

Chacha ndiye pia aliyenicheka kwa siku tatu kuhusu brashi. Dawa ya shaba ikikutana na shaba hugeuka buluu, na ndivyo unavyojua bado kuna kazi. Mimi nilisafisha bunduki moja siku nzima, kila kitambaa kinatoka buluu. Siku ya pili, buluu. Siku ya tatu nikamwendea nikamwambia, Sajenti, hii bunduki nadhani imetengenezwa kwa shaba yenyewe. Akaangalia mkono wangu. "Na hiyo brashi unayosugulia," aliuliza polepole, "ni ya nini?" Ilikuwa ya shaba. Siku tatu nilikuwa nikiyeyusha brashi ya serikali. Kwa dawa ya shaba tumieni brashi ya nailoni, na kama mmeshakosea, nyamazeni, msimwendee sajenti.

Basi mimi na Akinyi tukaenda na ishirini na moja zetu kwenye uwanja wa shabaha, machimbo ya zamani ya kokoto. Kumi za kwanza tulizipiga moja moja. Anapiga, nasafisha, tunangoja mtutu upoe mpaka uweze kuushika kama unavyoshika kikombe cha chai iliyosahaulika. Kitambaa cha kwanza kilitoka buluu kama sketi ya shule. Cha nne kikawa kama anga. Kufikia cha tisa ilibidi nikipeleke juani kutafuta rangi.

"Jaduong', kwani lazima tungoje hivi?" Akinyi aliuliza. "Tungekuwa tumemaliza asubuhi."

"Mtutu ukiwa moto hausikii mafundisho."

"Hiyo ni ya Chacha au ni yako?"

"Ni ya Chacha. Mimi naichukua kwa sababu hayupo."

Kisha tukapiga tatu, tukasafisha, mara tatu. Tatu za kwanza ungezifunika kwa sahani. Tatu za pili kwa kisahani. Tatu za mwisho nilizifunika kwa kifuniko cha soda, na sikuzisaidia. Mbili zilizobaki tulirekebishia darubini. Akinyi aliitazama ile karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiimba nyimbo za kanisani, mstari wa kwanza tu, kama mtu asiyejua kwamba anaimba.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili za kungoja mtihani. Hapa ndipo nilipoharibu, nami nitaeleza bila kujipunguzia.

Bunduki ikikaa inahitaji mafuta kidogo ndani, hasa huku kwetu ambako hewa ya ziwa hula hata misumari ya viatu. Chupa yangu ya mafuta ilikuwa imeshuka mpaka mstari wa tatu wa kalamu. Nikafikiria: nikiyatumia sasa, siku ya mtihani nitakuwa na nini? Nikawaza kuyaweka akiba. Na mtu akishawaza akiba, akili inaenda sokoni yenyewe.

Pale Homa Bay wanakochuuza samaki, kuna mama aliyekuwa akichemsha mafuta ya mbuta, yale ya tumboni. Watu huyatumia kupikia, kupaka bawaba, kupaka magoti. Yalikuwa safi, ya rangi ya dhahabu. Nilimwendea na jerikeni mbili tupu za kubadilishana.

"Jerikeni moja ina ufa," mama alisema.

"Ndiyo maana nimeleta mbili."

Nikapata chupa nzima, na nikaongezwa kijiko. Nilirudi kituoni kifua mbele. Nikajiambia maneno matatu ambayo yameharibu mashine nyingi kuliko kutu: mafuta ni mafuta. Nikaupaka mtutu ndani, na kwa kuwa chupa ilikuwa kubwa, sikupima.

Siku ya tatu paka mmoja alikaa mlangoni pa ghala. Siku ya tano walikuwa watatu. Nikahesabu tena, wanne. Mmoja alikuwa juu ya dirisha.

"Jaduong'," Akinyi aliuliza, "hawa paka wamekuja kuandikishwa kazi?"

"Ni panya," nilimwambia. "Ghala lina panya."

Huo ulikuwa uongo, na niliusema kwa mtu aliyekuwa ameniamini kwa habari ya mama yake.

Siku moja kabla ya mtihani nilipitisha kitambaa kikavu. Kikatoka na unjano unaonata. Nikapitisha cha pili, cha tatu. Kilitoka kikavu kabisa. Nikaelekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha, nikachungulia kutoka nyuma. Ulikuwa unang'aa kama kioo cha kinyozi. Nikaridhika. Vijana, kung'aa si usafi. Mafuta ya samaki yakikaa kwenye joto hukauka yakawa utando, kama vanishi kwenye kabati. Nilichokuwa nikikisifu ni vanishi. Na mtutu uliolowa au wenye utando si suala la shabaha peke yake. Unaweza hata kumdhuru anayeupiga. Hilo nalijua tangu nikiwa kijana. Nalijua hata siku ile.

Mtihani ulikuwa kwenye yale yale machimbo. Walikuja walengaji watatu wa upande wa Migori na bunduki zao, na Akinyi wetu. Msimamizi alitoka Nairobi, mama mwembamba mwenye daftari, ambaye kila mtu alimwita Madam na yeye hakumwita mtu yeyote kitu. Alitangaza sheria: risasi moja ya majaribio, kisha tatu za alama. Akinyi ndiye wa kwanza.

Akalala kwenye turubai. Akavuta pumzi, akaitoa nusu. Akapiga.

Niliangalia kwa darubini ya mkono. Tundu lilikuwa kwenye pembe ya karatasi, kiganja kimoja na nusu kutoka kwenye duara. Akinyi hakuangalia karatasi. Alifungua bolti, na moshi mdogo ukatoka nyuma, ukapita puani mwake, ukapita puani mwangu, ukaenda mpaka walipokuwa wamekaa watu wa Migori.

"Aii," mmoja wao alisema. "Nani anakaanga?"

Akinyi aligeuka akaniangalia mimi. Nimewahi kuangaliwa na nyati. Nyati ana huruma.

"Panya," alisema.

Nikaenda kwa Madam. "Madam, naomba huyu apige wa mwisho. Bunduki ina shida kidogo."

"Shida gani?"

"Darubini imelegea."

"Darubini haitoi harufu ya kitoweo," Madam alisema. "Lakini kupanga zamu ni kazi yangu. Atapiga wa mwisho. Mengine ni yenu."

Hapo tulikuwa tumepata muda, bado hatujapata risasi. Mtutu uliosafishwa kabisa hupiga ya kwanza pembeni. Unahitaji risasi moja ya kuuamsha kabla hujaanza kuhesabu. Akinyi alikuwa na tatu, na zote tatu zilihitajika ndani ya duara. Nikarudi tena.

"Madam, na risasi moja ya ziada."

"Hakuna."

"Nusu ya—"

"Utanipunguzia risasi nusu? Sheria iko wazi. Risasi ya majaribio hurudiwa kama kosa si la mlengaji bali la fundi. Na hapo fundi huliandika mwenyewe kwenye daftari, kosa lenyewe kwa jina lake, na kuweka sahihi. Linaingia kwenye faili lake."

Nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu. Faili langu halikuwa na hata doa moja. Kituo kizima kilijua, maana niliwakumbusha. Kulikuwa na barua ya pongezi ambayo ingesomwa siku ya kuagwa, na mimi nilikuwa nimeshamwambia mke wangu akae mstari wa mbele.

Nikamwangalia Akinyi. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, bunduki magotini, akikunja na kukunjua kipande cha kitambaa. Ilikuwa Jumanne, siku mbili kabla ya mama yake kurudi kwenye mashine.

"Lete kalamu," nilisema. "Lakini Madam, tuandike hivi: mafuta yasiyo rasmi."

"Andika ulichopaka."

"Mafuta ya asili."

"Ya mmea au ya mnyama?"

"Ya mnyama."

"Wa porini au wa kufugwa?"

"Wa... majini."

Watu wa Migori walikuwa wamesogea karibu. Inspekta Barasa naye alikuwa amesogea.

"Jina," Madam alisema.

"Mbuta."

Sitawaelezea kicheko. Kilipiga ukuta wa machimbo kikarudi, kwa hiyo nilikisikia mara mbili. Nikaandika: *Nilipaka mtutu wa bunduki mpya mafuta ya mbuta ili kubana matumizi.* Nikaweka sahihi. Madam akasoma, akanipa risasi moja mkononi, na nadhani mdomo wake ulitikisika, lakini sitaapa.

Dawa yangu ilikuwa imebaki tone. Nikakumbuka njia ya zamani ya Chacha, ya enzi ambazo baruti ilikuwa chafu na dawa haipo: maji yanayochemka. Chini ya machimbo kulikuwa na mama anayewapikia chai wavunja mawe.

"Mama, nisaidie sufuria ya maji moto na sabuni."

"Ya kuoga?"

"Ya bunduki."

Aliiangalia bunduki, akaniangalia mimi, akaiangalia sufuria yake. "Sasa mmeanza kuzipika?" Lakini alinipa, na faneli ya mafuta taa aliyoiosha kwanza.

Nikaweka faneli kwa nyuma, mlangoni. Maji ya sabuni yakapita, yakatokea mbele ya rangi ya mchuzi. Nikasugua kwa nailoni, nikamwaga tena. Mara ya tatu yakatoka meupe. Maji moto yana wema mmoja, yanaupa mtutu joto, na joto linaukausha. Nikapitisha vitambaa kumi na vinne. Nikahesabu vilivyotoka: kumi na vitatu. Nikasimama kidogo. Akinyi akafungua kiganja. Cha kumi na nne alikuwa amekiokota yeye.

"Hesabu tena," aliniambia. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyonipa tangu panya.

Tukauacha mtutu upoe kivulini. Watu wa Migori wakapiga. Mmoja akapita, wawili wakaangalia upepo.

Kisha Akinyi akalala. Risasi ya ziada ikapiga nje kidogo ya duara, upande wa chini, kama mtu anayeamka na kujinyoosha. Akafungua bolti. Hakukuwa na harufu. Ya kwanza ya alama ikaingia katikati. Ya pili ikakaa karibu yake, zingetosha kwenye mfuko mmoja. Alingoja muda mrefu kabla ya ya tatu. Niliona mgongo wake ukipanda na kushuka. Nikasikia mtu nyuma yangu akinong'ona kwamba anachelewa, na nikasikia Inspekta akimwambia anyamaze.

Akapiga.

Tulitembea mpaka kwenye karatasi sote pamoja. Ya tatu ilikuwa kwenye mstari. Ukisimama kulia ilikuwa ndani. Ukisimama kushoto ilikuwa nje. Madam alisimama kulia, akasimama kushoto. Nikafungua mdomo niseme kwamba kikombe cha chai nacho kina ukingo wake, na kwamba vikombe vya Nairobi si vya ukubwa wa vikombe vya huku. Akinyi akanikanyaga mguu. Buti la serikali, kisigino. Nikafunga mdomo, na nadhani hiyo ndiyo bei niliyoikubali haraka kuliko zote maishani.

Madam akatoa risasi mfukoni, akaichomeka kwenye tundu polepole, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Akakaa hivyo.

"Imegusa ndani," alisema. "Tatu."

Kisha akafungua daftari na kuandika, kana kwamba alikuwa ametaja saa.

Inspekta akaanza kuwaeleza watu wa Migori jinsi alivyomlea Akinyi. Wao walikuwa wananiita Mbuta tayari. Mimi nilibaki nikikusanya vitambaa vyangu. Akinyi alikuwa amekwenda kuketi kwenye kokoto, mgongo kwetu, simu sikioni.

"Mama? Alhamisi usimwombe mtu. Nitakupeleka mwenyewe." Akasikiliza. "Ndiyo, na Jumatatu pia. Na ile nyingine. Zote." Akasikiliza tena, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Hapana, Mama," alisema. "Silii. Ni moshi tu huku. Kuna mzee anakaanga samaki."